Suruali Yangu Katika Chai ya Tukuyu

Nilikwenda Tukuyu kwa sababu ya karatasi moja. Ilikuwa fomu ya chuo, na chini yake palikuwa na mstari wa sahihi mfupi kama kidole gumba. Ukisomea ufundi mitambo, huvuki mwaka wa pili mpaka ukae kiwandani wiki nane, ufanye kazi kwa mikono, na mkubwa wa kiwanda aandike juu ya mstari ule kwamba unafaa. Asipoandika, unarudia mwaka. Na mimi mwaka wa kurudia sikuwa nao. Mjomba, aliyekuwa akinisomesha, alishatangaza kwa sauti iliyosikika mpaka Kongwa kwamba analipia mara moja tu. Nikirudishwa, narudi mashineni kwake kusaga unga mpaka nizeeke.

Ninyi wa Chamwino mnakumbuka nilikotoka. Mchana nilikuwa nasaga, jioni nakwenda shule ya jioni kusoma chini ya karabai, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kucha, kiasi kwamba mwalimu wa fizikia angeweza kuniandikia mgongoni akiishiwa ubao. Nilisoma miaka minne nikisinzia wima kama punda. Nilipofaulu, mtaa mzima ulishangaa, na mimi nilishangaa kuliko mtaa.

Miaka ile viwanda vilivyokuwa vya umma vilikuwa vinapata wenyewe wapya kimoja baada ya kingine, na wenyewe wapya hawakutaka wanafunzi wa kuwazungukia miguuni. Chuo kiliandika barua huku na huku. Likaja jibu moja tu, kutoka kiwanda cha chai nje kidogo ya mji wa Tukuyu: aje, atafute chumba mwenyewe, ajipikie mwenyewe.

"Ajipikie?" dada yangu Neema aliuliza, akacheka mpaka akagaagaa jamvi zima. Dada Neema ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Ndiye aliyenipikia, ndiye aliyenifulia, na kila jioni, kabla sijakaa, alikuwa ananishika kola ya shati, anainusa, na kuamua kama inaingia ndoo au inasubiri kesho. Nilikuwa mtu wa miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha kidato cha nne, na kola yangu ilikuwa bado inanuswa. "Yona, wewe hujui hata maji yanachemka yakifanyaje. Wiki moja tu. Wiki ya pili nitakuona hapo mlangoni unalia."

"Nimeshinda kidato cha nne usiku," nikamwambia. "Nitashindwa na sufuria?"

"Sufuria haina majibu ya kuchagua, mdogo wangu."

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, akanisindikiza stendi ya Dodoma. Nilibeba jiko la mchina la mafuta ya taa, sufuria mbili, mwiko, unga wa uwele debe nusu, blanketi, mashati mawili ya mitumba na suruali mbili. Hiyo idadi ya nguo iwekeni akilini. Ndiyo iliyoleta mambo yote.

Njiani kwenda Iringa tulimeza vumbi la Mtera kiasi cha kufyatulia tofali. Nililala Iringa nyumba ya wageni. Kesho yake tukapita Makambako, ambako baridi ilipanda kwenye basi bila tiketi ikakaa mapajani mwangu. Alasiri nikashuka Uyole, nikaanza kuulizia lori la kiwanda kama barua ilivyoelekeza, kwa kuwa siku hiyo lilikuwa limekuja kuchukua vipuri. Nikalikuta limeegeshwa kando ya duka, dereva wake anakula parachichi kwa kijiko kama anakula uji.

"Wewe ndiye mwanafunzi?" akaniuliza. Nikakubali. Akatazama shati langu jepesi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unatoka wapi, ndugu yangu?"

"Dodoma."

"Dodoma! Panda haraka kabla hujafa." Akavua koti lake la kazi akanitupia. Jina lake Ambokile, na tangu siku ile mpaka naondoka hakuwahi kuniita Yona. Niliitwa Dodoma, na kiwanda kizima kikaiga.

Kutoka Uyole barabara inapanda, na kadiri inavyopanda dunia inageuka kijani. Mimi nilikuwa nadhani kijani ni rangi moja. Pale Isyonje niliona kijani cha viazi, kijani cha pareto, kijani cha misitu na kijani kingine ambacho hakijapewa jina. Kisha ukungu ukashuka, mlima Rungwe ukafunikwa wote, na mvua ikaanza.

"Itakatika saa ngapi?" nikauliza.

Ambokile akacheka mpaka usukani ukayumba. "Dodoma, kwenu mvua inakuja kama mgeni. Hapa ndiyo mwenye nyumba. Sisi ndio tumepanga."

Tukapita Kiwira, tukapita Kyimo na migomba yake iliyosongamana mpaka barabarani kama watu waliokuja kutazama ajali, na jioni jua likiwa halijulikani lilipo, tukaingia Tukuyu. Ambokile alinipeleka moja kwa moja Bagamoyo. Nikamwambia anatania, Bagamoyo iko pwani. Akasema hii ni Bagamoyo ya Tukuyu, mtaa kama mtaa, na mama mwenye nyumba ni wa kanisani kwao, ana chumba cha uani.

Mama huyo alitoka akiwa na mwavuli na kanga mbili begani. "Mugonile," akasema, akiinama kidogo. Nilijua ni salamu kwa jinsi alivyoinama, lakini jibu sikuwa nalo, kwa hiyo na mimi nikainama, nikabaki nimeinama. Ambokile akaninong'oneza, "Sema ndaga, ndiyo asante ya kwetu." Nikasema ndaga. Mama akafurahi kama nimemletea ng'ombe. Aliitwa Mama Atupele, kwa jina la bintiye mkubwa aliyekuwa muuguzi hospitali ya Igogwe. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha moja na harufu ya mvua.

Wiki ya kwanza ya kujitegemea naomba niisimulie haraka, kwa heshima yangu. Ugali wangu wa kwanza ungeweza kujengea daraja. Wa pili ulinyweka. Siku ya tatu nikaenda sokoni nikaona mkungu mzima wa ndizi mbichi, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, nikasema hapa ndipo nimemaliza tatizo la chakula kwa mwezi mzima. Niliubeba begani nikijisikia mfalme, nikauning'iniza chumbani juu ya jiko la mchina. Kumbe lile joto la jiko ni kama kuuimbia. Siku ya nne tangu niuning'inize, ndizi zote, naapa, zote, ziliamka zimeiva kwa pamoja. Nilikula ndizi asubuhi, nikala mchana, nikala nikiwa nasali. Mwishowe nikaanza kugawa uani, na Mama Atupele akaja kuchungulia.

"Mwanangu," akasema, "kwenu Dodoma kuna tembo?"

"Wapo, mama, upande wa mbugani."

"Basi mkungu mzima wananunuliwa hao. Mtu mmoja ananunua chana. Na hizi ni za kupika, si za kungoja." Akanipa kisu na chana moja mbichi iliyotoka shambani kwake, akanifundisha kupaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande. Mimi nilipaka baadaye. Kwa siku tatu vidole vyangu vilikuwa vyeusi na vimeshikana kama vya bata.

Kiwandani mambo yalikwenda vizuri kuliko jikoni. Asubuhi nilitembea kwa miguu, mashamba ya chai yamenyooshwa pande zote kama yamechanwa kwa kitana. Mkubwa wa uzalishaji aliitwa Mzee Anyosisye, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti la kaki lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alinizungusha siku ya kwanza. Majani mabichi yanafika na lori, yanatandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa inapuliza hewa ya vuguvugu kutoka chini yake mpaka majani yalegee. Hapo wanasema yananyauka. Kisha yanasagwa, yanaachwa yachachuke yakigeuka rangi ya shaba, halafu yanaingia kwenye draya, mashine ya kukaushia, ambayo joto lake linatoka kwenye tanuri la kuni za mkaratusi. Mwisho kabisa yanakwenda kwa Sekela.

Sekela alikuwa mwonjaji. Msichana mwembamba wa umri wangu, ana meza ndefu yenye mabakuli meupe yaliyopangwa mstari, na kijiko. Anavuta chai kwa mdomo kwa kishindo cha kurarua kitambaa, anaizungusha, anaitema ndooni, anasema neno moja: "Hai." Au, "Imelala." Au, "Imeungua." Na neno lake halikatiwi rufaa. Mwenye kiwanda mpya, aliyekuwa anaishi mbali na kuja mara chache, alikuwa anauza chai yake kwa sifa ya meza ile. Pua ya Sekela, nawaambieni, ilikuwa inaweza kunusa mvua ya keshokutwa na kukuambia itaanzia Kyimo.

Sasa nguo. Nilikuwa na mashati mawili na suruali mbili, na Tukuyu nguo iliyofuliwa haikauki, inabadilisha tu aina ya unyevu. Nilianika uani, mvua ikanifulia tena. Nilianika chumbani, zikaota harufu ya uyoga. Nikazianika juu ya jiko la mchina, zikatoka zinanuka mafuta ya taa kama kibatari. Nikazifua upya kwa sabuni ya kuogea yenye marashi, nikatumia kipande kizima, zikawa zinanuka marashi na mafuta ya taa kwa pamoja, na bado mbichi. Wiki ya tatu, Ijumaa mchana, nikiwa nimevaa suruali inayonidondokea maji ndani ya viatu, nikasimama mbele ya vitanda vya kunyaushia. Feni inavuma. Hewa ya vuguvugu inapita taratibu, usiku na mchana, bure. Nikajiambia: Yona, umesomea mitambo ya nini?

Nyuma ya kila feni palikuwa na mlango mdogo wa fundi. Ndani yake, pale hewa inapoingilia, nikafunga waya, nikatundika shati moja na suruali moja, nikafunga mlango. Jumamosi asubuhi nikazitoa zimekauka, zina joto, laini kama kuku wa siku moja. Nilikaribia kulia. Jumapili nilikwenda kanisani nikiwa mkavu peke yangu katika wilaya nzima ya Rungwe. Mchana nikamwandikia Dada Neema barua ya kurasa mbili: wiki ya tatu hii, silii, nashiba, na nguo zangu zinakaushwa kwa mtambo.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Sekela alivuta kijiko cha bakuli la nne, akasimama. Akavuta tena. Akaweka kijiko chini.

"Mzee," akaita, "njoo. Hii chai imeoga."

Mzee Anyosisye akaonja. "Sabuni," akasema.

"Na baada ya kuoga imejipaka mafuta ya taa," akasema Sekela. "Ni majani ya Ijumaa, kitanda cha pili. Yote."

Mimi nilikuwa nimeshika spana pembeni. Spana ile ilianza kutoka jasho. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia wakati Mzee alipoita mlangoni kwa sauti yake ya chini, "Ambokile."

Ambokile akaingia, kofia mkononi.

"Alhamisi ulileta mapipa ya mafuta ya taa kutoka Mbeya."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukaosha lori?"

"Nililiosha vizuri sana, Mzee. Ndani na nje."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni, Mzee."

"Na Ijumaa ukaleta majani."

Ambokile akaelewa anakopelekwa, na uso wake ukabadilika. "Mzee, nilisuuza mara tatu. Mtoni. Mara tatu!"

"Funguo weka mezani," akasema Mzee Anyosisye. "Kuanzia leo utashusha magunia. Lori atapewa mwingine."

Ambokile alikuwa ameendesha lori lile tangu kiwanda kikiwa cha umma. Alilipenda kama watu wanavyopenda nyumba. Akatoa funguo mfukoni polepole, na mimi nikaiona fomu yangu, ule mstari mfupi kama kidole gumba, na nyuma ya mstari nikamwona mjomba amesimama na gunia la mahindi. Kila kitu kilikuwa kimejieleza chenyewe: mafuta yapo, sabuni ipo, lori lipo. Nilikuwa na kazi ya kunyamaza tu. Na lile koti la Uyole nilikuwa bado sijamrudishia.

"Mzee," nikasema, "si lori. Ni suruali."

Nikaivuta suruali niliyovaa kwa vidole viwili.

"Suruali ya nani?" akauliza Mzee.

"Hii."

Nikawaeleza yote, mlango mdogo, waya, jiko la mchina, kipande kizima cha sabuni. Sekela alianza kucheka katikati, akajizuia, akashindwa, akalala juu ya meza mpaka mabakuli yakagongana. Ambokile alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona maiti inakaa. Mzee Anyosisye hakucheka. Alichukua funguo akamrudishia Ambokile kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Kisha akafungua saraka, akatoa fomu yangu, akanionyesha, akairudisha ndani.

"Jani la chai halichagui," akaniambia. "Likipita karibu na kitunguu linakuwa kitunguu. Wewe unataka kuwa fundi wa mitambo ya chakula cha watu, na hujui unanukia nini. Wiki ya nane nitapanga mabakuli mezani pale. Ukinitolea lililoharibika, nasaini. Usipolitoa, unarudi kwenu na karatasi nyeupe."

Ile chai haikuuzwa. Mzee aliamuru ipelekwe kantini ya wafanyakazi inywewe mpaka iishe. Ilinywewa wiki tano. Waliiita chai ya Dodoma, na hapakupita mapumziko bila mtu kupaza sauti, "We Dodoma, leo naisikia mifuko!" Mwingine, "Mimi nimepata kifungo!" Mimi nilikunywa kuliko wote, kwa toba.

Jioni ile nilimsimulia Mama Atupele. Alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, halafu akawa mtu wa kazi.

"Pua yako imekufa, mwanangu. Unalala na mafuta ya taa, unakula mafuta ya taa. Utanusa nini? Lete jiko hilo." Akalichukua jiko la mchina akalifungia stoo. "Kuanzia leo unapika jikoni kwangu, kuni. Nguo unafua kwa sabuni ya mche, kidogo, unasuuza mpaka maji yarudi maji. Unakamua. Unatundika upenuni, pale upepo unapopita, hapo mvua haifiki. Asubuhi unamalizia kwa pasi ya mkaa. Hapa nguo haingoji jua."

Sasa ndipo nilipoanza kuishi Tukuyu. Kukamua suruali ni kazi ya watu wawili; nilijifunza kuifunga kwenye nguzo na kuisokota kama kamba. Pasi ya mkaa iliniunguza mara moja kwa kila kidole, kwa zamu. Jikoni kwa Mama Atupele moshi ulinitoa machozi yaliyotosha kumwagilia bustani, maana kuni za huko nazo zimelowa, lakini nilijifunza kuzipanga, nyembamba chini, nikajifunza kuwasha kwa kiberiti kimoja. Nikajifunza kumenya ndizi kwa mafuta mikononi, kuzipika na nyanya, vitunguu na nyama hadi zilegee, chakula wanachokiita mbalaga. Mara ya kwanza Mama Atupele alionja, akasema, "Inalika." Mara ya tatu alirudia sahani. Siku ile nilitembea uani nimetanua mabega kama nimeapishwa.

Na kila siku saa tatu, Sekela alinipa kijiko. Mwanzoni nilikuwa nakohoa chai hadi dirishani.

"Usiinywe, Dodoma, ivute! Kwani kwenu supu mnakunywaje?"

"Kwa adabu."

"Adabu iache nje. Vuta!"

Nikavuta. Wiki ya tano nikaanza kutofautisha chai hai na iliyolala. Wiki ya sita nikagundua chai ya majani ya Kyimo, ambako nilikwenda mara mbili na Ambokile kuyachukua kwa wakulima, ina kitu fulani cha ukali mzuri nyuma ya ulimi. Nilimwambia Sekela. Aliinua unyusi mmoja tu, na kwa Sekela unyusi mmoja ni cheti.

Wiki ya nane, Alhamisi, saa nne asubuhi. Mzee Anyosisye alipanga mabakuli sita. Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni, Ambokile mbele kabisa, na hata mpishi wa kantini aliacha sufuria. Nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Nilishika kijiko kwa mkono mmoja na mkono huo nikaushika kwa mwingine.

Bakuli la kwanza, hai. La pili, hai. La tatu nikalivuta, nikaitema, nikaicheka. "Hii tunafahamiana," nikasema. "Hii ni suruali yangu." Mlangoni wakalipuka. Mzee alikuwa amechota chai ya kantini akaichanganya kidogo na nzuri. Akatikisa kichwa kukubali, akaufikisha mkono kwenye saraka.

"Sijamaliza, Mzee," nikasema.

"Umemaliza. Lililoharibika lilikuwa moja."

"Acha nimalize."

La nne, hai. La tano nikavuta, nikasimama. Nikavuta tena. Mbali sana, nyuma ya ukali wa chai, palikuwa na kitu ninachokijua kuliko jina langu: kilichonitoa machozi kila jioni kwa wiki tano.

"Hili nalo," nikasema. "Lina moshi."

Mzee Anyosisye akakunja uso. "Hilo ni la draya ya asubuhi hii. Nimelichota mwenyewe. Halina kitu."

Mlangoni mtu akasema, "Jamani, angenyamaza!" Na kweli, wenzangu, saini ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye kalamu. Nikasema tena, "Lina moshi, Mzee."

"Sekela," Mzee akaita.

Sekela alikuwa bado hajaonja chai ya asubuhi hiyo. Akaja, akachukua kijiko. Alivuta kwa kile kishindo chake. Akazungusha. Nilihesabu misumari yote ya dari. Akatema.

"Moshi," akasema. "Kidogo sana. Kesho ungekuwa mwingi."

Tukakimbia wote kwenye draya. Wakalizima tanuri, likapoa, na mimi kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko mafundi wote nikaingia kichwa mbele na tochi katikati ya mabomba, yale yanayopitisha moto upande mmoja na hewa ya kukaushia upande mwingine. Bomba la tatu kutoka chini lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi wa nywele, umepakwa masizi. Nikaweka kidole hapo, nikapiga kelele kutoka ndani kama nimepata dhahabu. Tungeendelea mpaka Jumamosi, mzigo mzima wa wiki ungekwenda kwa wanunuzi unanukia jiko la Mama Atupele.

Nilitoka mweusi kuanzia nywele hadi kucha. Maisha yangu yote ya shule nilikuwa mweupe kwa unga. Siku ya kufuzu nilikuwa mweusi kwa masizi. Mzee Anyosisye aliiweka fomu juu ya pipa, palepale, akaandika "Anafaa sana", akasaini kwa kalamu ya wino. Kisha akachukua kidole changu kimoja, akakigandamiza pembeni ya karatasi. "Hiyo ndiyo sahihi yako," akasema, na hapo, kwa mara ya kwanza katika wiki nane, akacheka. Ambokile alininyanyua begani akanizungusha kiwanda chote, na koti lake, nilipotaka kumrudishia, akakataa katakata.

Jumapili, asubuhi na mapema, Mama Atupele alinifungia mkungu wa ndizi mbichi kwa majani ya migomba, akaniambia, "Huu ni wa watu wengi, kwa hiyo unaruhusiwa." Sekela aliniletea pakiti mbili za chai, moja nzuri, nyingine yenye alama ya kalamu nyekundu. Nikasema ndaga kwa kila mtu, safari hii nikainama na kuinuka kwa wakati wake. Ambokile alinifikisha Uyole. Mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nilikuwa mkavu.

Jumatatu jioni nikafika nyumbani. Dada Neema alikuwa mlangoni, barua yangu ya wiki ya tatu ameibana kwenye fremu ya picha ya mama. Nikampa fomu. Aliisoma mara mbili, akauliza kile kidole cheusi ni cha nini. Nikamwambia akae. Hakuzoea, alizunguka kigoda mara tatu kabla ya kukikalia. Nikapanga kuni, nyembamba chini, nikawasha kwa kiberiti kimoja. Nikamenya ndizi, nikapika mbalaga, nikamwekea chai kwenye vikombe viwili, kila kimoja na pakiti yake.

Akaonja cha kwanza, akafumba macho. Akaonja cha pili, akayafumbua. "Yona, hiki mmekisuuza?"

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Na nikamwambia nililolipata huko, ambalo hakuna mwalimu wa shule ya jioni aliyenifundisha: unaweza kufunga mlango wa chumba chako, ukaishi peke yako, ukajipikia na kujifulia, lakini kile unachofanya humo kinatembea, kinamfikia mtu usiyemjua ndani ya kikombe chake. Kujitegemea ni kumkumbuka huyo mtu wakati unaanika suruali.

Dada Neema alisimama, akanijia kama kila jioni ya maisha yangu, akanishika kola ya shati. Akanusa. Akanusa upande wa pili. Ndoo ilikuwa tayari miguuni pake, ina maji.

Akaiachia kola, akainyoosha vizuri kwa vidole, akaichukua ndoo na kwenda kumwagilia mchicha.